Chapati ya Siku ya Tatu

Kwanza wacha nikuonyeshe vile alikuwa anaongea, ndio ujue ni nani. Unavuta hewa na pua, unafunga jicho moja kama mtu ameingiwa na moshi, halafu unatoa neno mara mbili, la kwanza kali, la pili taratibu. "Keti. Keti. Hiyo mbaiskeli si punda, haitaki mateke. Kula. Kula." Ukisikia hiyo sauti kwa barabara ya Kola, hata ukiwa umeinama kwa jiko na moshi imekujaa, unajua Kochi amefika na wasichana wake wa mbio za baiskeli, na maji ya chai iongezwe.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, mimi sijui na sikuuliza. Mtu anakuja kwa kibanda yako ya chai kila asubuhi miaka na miaka, unamuuliza ukoo ya nini? Vitu ya maana nilijua. Sukari, vijiko sita. Chai isiwe na utando juu. Na akimaliza anapindua kikombe kwa meza, chini juu, kama mtu amefunika kifaranga isitoroke. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu, na tumepishana miaka kidogo tu. Nilimwambia, "Wewe na hii heshima yako, utanizika kabla ya siku yangu."

Wasichana wake alikuwa amewakataza soda. "Soda inafunga miguu. Inafunga." Na yeye hapo anakoroga kijiko ya sita. Siku moja nikamuuliza mbele yao, mbona wewe unakunywa chai kama asali? Akafunga ile jicho. "Mimi sipandi mlima, mwaitu. Mimi naangalia mlima. Kuangalia inataka sukari."

Alikuwa hivyo. Aliwafundisha mtu kwa baiskeli haangalii nyuma, shingo ikigeuka baiskeli inafuata, na yeye mwenyewe akitembea anageuka kila hatua tano. Alikuwa anageukia bata mzinga yangu. Mwanaume ameteremka mlima yote ya Ukambani bila breki, anaogopa bata mzinga. Alikuwa anasimama ng'ambo ya lami anaita, "Mwaitu, funga huyo askari wako." Mpaka nimfunge, chai hanywi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nachelewa makusudi.

Ile kazi yake sasa. Mimi shule sikuona hata mlango, lakini hiyo kazi nilielewa, juu alikuwa anaieleza kwa kibanda yangu kila siku kama mhubiri.

Kuna mbio moja tuliita Ile Kubwa. Ni ya siku nane, nchi ya jirani, milima tupu, na huko wanakuja wanawake wa kutoka ng'ambo, wale wanalipwa mshahara kupanda baiskeli. Unashindana leo, unalala, kesho unaamka unashindana tena, na saa zote zinajumlishwa. Kila mtu hapa alikuwa anataka kwenda Ile Kubwa moja kwa moja. Kochi alikuwa anakataa. Kwanza alikuwa anawapeleka kwa mbio ndogo, za siku tatu, siku nne, wakae kwa nyumba za wageni, walale kitanda hawajui, waamke miguu ikiwa kama mbao.

Wazazi walikuwa wanamkasirikia. Baba mmoja alikuja hapa, mtu wa sauti nyembamba kama filimbi: "Kochi, binti yangu amekuwa wa kumi na nne kwa mbio ya siku nne. Wa kumi na nne. Nimwambie nani?" Kochi akamwambia, "Mwambie mama yake apike. Huyo msichana amelala usiku zote nne na hakutapika. Kumi na nne ni namba ya kukimbia, kulala ndio namba yangu."

Halafu akaniibia maneno. Unajua mwanamke akipika isyo, ile mahindi na maharagwe, anataka kujua chumvi imefika, anachota mchuzi kidogo anaweka kwa kiganja ya mkono, analamba. Haonji na sahani. Ukionja na sahani umeshakula, na wageni watakuta sufuria nusu. Mimi nilimwonyesha hiyo siku moja nikicheka, nikamwambia mbio zako ndogo ni kiganja. Wiki hiyo hiyo namsikia pale kwa tangi ya maji anawaambia wasichana: "Mbio ndogo ni kiganja. Kiganja. Onja, usile." Wote wanatingisha kichwa, oo, Kochi ana hekima. Nikapita na birika nikasema, kwa sauti yake, "Hiyo nimeiba. Nimeiba." Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Mbio zenyewe hazikuwa nyingi, kwa hivyo alikuwa anaunda zake. Siku ya kwanza wanaenda mpaka Ndithini. Siku ya pili wanarudi na upepo usoni. Siku ya tatu wanapanda mlima yetu hapa Kalama mara nne, kutoka daraja mpaka kwa kibanda yangu. Wanalala kwa ukumbi ya kanisa, chini, na magodoro. Na ile asubuhi ya siku ya tatu Kochi anakuja mapema, anakaa ameegemea tangi yangu ya maji, hana saa, hana karatasi. Anaangalia vile wanakula chapati.

"Siku ya kwanza kila mtu ni simba, mwaitu," ananiambia kwa chini. "Siku ya pili simba wanaumwa kichwa. Siku ya tatu, niletee yule anauliza chapati iko wapi."

Kulikuwa na mmoja wa kutoka Syokimau, miwani ya kung'aa, baiskeli nyepesi unaibeba na kidole. Siku ya kwanza aliwaacha wote, akafika Ndithini akasubiri mpaka akachoka kusubiri. Siku ya tatu chapati yake ilizunguka sahani kama inatafuta choo. Kochi hakumfokea. Alimketisha kando, nikasikia: "Wewe ni wa siku moja. Na siku moja pia ni kitu. Kuna mbio za siku moja, utazishinda, utaniletea taji hapa." Na kweli alizishinda. Taji hakuleta, alileta keki.

Halafu Mwende. Huyo ni wa Ndithini kabisa, alijifunza baiskeli akibeba mitungi ya maji, ile baiskeli nyeusi ya wanaume, mguu imepitishwa katikati ya vyuma. Mtoto wa sauti ndogo. Mpaka uiname ndio umsikie. Mara ya kwanza kuja hapa, asubuhi ya siku ya tatu, alikula chapati nne, akapangusa mikono, akainua kichwa: "Susu, iko ingine?" Susu ni nyanya, watoto hapa wananiita hivyo. Nilimwangalia Kochi. Alikuwa amegeuka anaangalia mlima, na kwa mlima hapakuwa na kitu.

Sasa niseme ile yangu, juu bila hiyo huelewi mwisho.

Zamani, kabla ya kibanda, Kochi mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa baiskeli. Alikuwa amechaguliwa kwenda Ile Kubwa ya wanaume. Wiki mbili mbele kukawa na mbio ndogo ya siku nne, na siku ya tatu ikapita kwa mlima hii. Watu tulijaa kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimetoka kisimani na punda. Nikamwona anakuja katikati ya wenzake, ametulia, anatafuna kitu, kama mtu anaenda sokoni. Na amevaa ile kaptula yao ya kubana, unajua, ile haifichi kitu.

Mkamba na mama mkwe wake, hiyo ni mambo mazito. Tunaita nthoni. Hamketi pamoja, hamli pamoja, ukimwona kwa njia unapita kichakani. Na mama mkwe wa Kochi soko yote ilijua sauti yake, nzito, ya kuburuta, kama gunia inavutwa kwa saruji. Mimi hiyo sauti nilikuwa nayo vizuri kuliko yeye. Shetani akanishika. Nikajificha nyuma ya punda, nikasema: "Eee, na huyo uchi ni mume wa mtoto wangu?"

Yule mtu alisimama kwa pedali kama amemwagiwa maji moto. Aliondoka. Hakuangalia kushoto wala kulia, alipanda hii mlima peke yake mpaka akapotea kwa kona, na watu wanapiga vigelegele, oo, shujaa. Alikuwa shujaa gani? Alikuwa anakimbia mama mkwe. Alishinda hiyo siku. Siku ya nne alimaliza wa mwisho. Na kwa Ile Kubwa alishuka baiskeli siku ya pili, akarudi nyumbani na lori ya vitunguu, na hakushindana tena.

Mbaya zaidi, alitoa mbuzi. Si nthoni imevunjika? Mama mkwe amemwona hivyo, lazima asafishe. Alifunga mbuzi beberu mzuri akampelekea. Na huyo mama, ambaye siku hiyo hakuwa hata karibu na barabara, alikuwa Wamunyu kwa matanga, alipokea mbuzi bila kuuliza. Nani anakataa mbuzi?

Ya mbuzi soko yote ilijua, ya miguu nilijua kwa kumsikia. Alikuwa anawaambia wasichana, pale kwa tangi, kila mwaka: "Mimi miguu yangu niliacha kwa hii mlima. Hapa. Kwa sababu ya mtu mmoja kando ya barabara. Mtu wa kando ya barabara halali na miguu yako." Wasichana wanauliza, "Nani, Kochi?" Anasema, "Mtu wa heshima. Wacha hiyo." Na mimi hapo namimina chai, namimina mpaka inapita kikombe. Kila mwaka nasema mwaka huu nitamwambia. Mama mkwe akafa, tukamzika, Kochi akalia vizuri. Sikusema.

Halafu ikaingia ugonjwa ya koo. Tulidhani ni homa, sauti ikawa kama ya jogoo mzee, nikawa namuigiza na hiyo pia. Halafu akaenda hospitali, wakamkata, akarudi na shimo hapa chini ya kidevu, amefunga skafu. Sauti imebaki huko. Hawezi kutoa hata neno.

Sauti yake nikaacha kuigiza. Miezi mingi watu waliniambia, Susu, fanya sauti ya chifu, fanya ya pasta, nikafanya. Kochi sikufanya. Anakuja, anakaa, anaonyesha vidole sita, nampa chai, nafunga bata mzinga haraka bila kuambiwa. Alikuwa na daftari, anaandika kitu ananisukumia, na mimi nafanana na mtu ameonyeshwa ukuta. Mtu bila sauti na mtu bila herufi, wamekaa wanaangaliana.

Siku moja akawa anapungia wasichana mikono, anaonyesha kiti ya baiskeli, anaonyesha magoti, hawaelewi. Mzee mmoja Msomali, mchuuzi wa mbuzi, ambaye hunywa chai kwangu siku za soko, akauliza, "Mama, huyu mzee anataka nini, wallahi?" Na mimi, sijafikiria, mdomo ikaenda yenyewe: "Keti. Keti. Kiti iko chini sana, magoti yanakula kidevu. Inua."

Mwende akashika mdomo. Nikasema moyoni, wewe mama, umeharibu. Kochi alikuwa ameinama. Mabega yake yanatingika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, ni vile kicheko haina mlango wa kutokea. Akachukua kikombe akagonga meza, kwo kwo kwo, akanionyesha kidole: endelea.

Tangu hapo kazi ikawa hivyo. Yeye anaonyesha, mimi nasema. Nikikosea anatingisha kidole, narudia. Alikuwa mkali. Eti sauti yake haikuwa na pua hivyo. Nikamwambia, "Wewe hukuwahi kujisikia. Mimi ndio nilikuwa nasikiliza."

Mwaka huu Mwende akawekwa kwa orodha ya Ile Kubwa. Majina saba, na wanaenda sita. Kijana wa kuchagua timu alikuja kutoka Nairobi, kishati kimepigwa pasi, amebeba tableti kama trei. Anaongea kama redio: "Mzee, madam, sisi tutaangalia mbio ya siku nne. Hasa hiyo siku ya nne. Ile Kubwa ni siku nane, mtu ameisha siku ya tatu tutampeleka wapi?" Kochi akagonga kikombe. Mara ya kwanza namwona anakubaliana na mtu wa Nairobi.

Na siku ya tatu, wapi? Hapa. Hii mlima.

Watu wa Ndithini walikodi lori nzima. Walijaa kando ya barabara na vuvuzela na matawi, mjomba wa Mwende mbele, mtu mnene wa sauti ya tarumbeta. Kochi alisimama na mimi kwa kibanda, ameshika pindo ya leso yangu kama mtoto kliniki.

Wakatokea kwa kona. Kundi ya kama thelathini, na Mwende katikati, ametulia, mdomo umefungwa. Wawili wakatoroka mbele, wasichana wageni. Mjomba akaona. "Mwende. Sisi tumekodi lori kuja kuona mgongo ya watu? Hapa ni Ukambani, ni kwenu. Unapitwa kwenu?" Na lori yote ikajibu: "Kwenu! Kwenu!"

Nikaona mtoto anainua macho. Nikaona mikono inashuka kwa usukani, na matako yanatoka kwa kiti. Hiyo kitu nilishaiona, hapa hapa, nikiwa nyuma ya punda. Kochi pia aliona. Alifungua mdomo, akavuta hewa yote ya Machakos, na ikatoka hewa tu, hapa kwa skafu, fss. Akavuta leso yangu karibu anivue.

Nikafunga jicho moja. "Keti. Keti. Mwende, hiyo mbaiskeli si punda. Mtu wa kando ya barabara halali na miguu yako. Kula. Kula."

Sijui nilitoa wapi hiyo nguvu. Ilipita juu ya vuvuzela. Mwende aligeuza kichwa nusu, akarudi kwa kiti, akapitisha mkono nyuma kwa mfuko, akatoa chapati yangu imekunjwa na ndizi, akauma. Akapita mbele yetu anatafuna, kama mtu anaenda sokoni.

Lori ya Ndithini ilinitukana mpaka ikaisha petroli ya matusi. Mjomba akaniambia, "Wewe mama umeloga mtoto wetu." Nikamwambia, kwa sauti yake, "Hapa ni kwetu."

Siku ya nne sikuona, ilimalizikia mjini. Yule kijana wa tableti ndiye alikuja kutuambia. Wale wawili walitoroka jana walikuwa wameachwa kabla ya mlima ya kwanza. Mwende alimaliza wa tatu. "Madam, alikuwa kama ameanza asubuhi hiyo." Jina limeingia. Kochi akamaliza chai, akapindua kikombe, akabaki ameweka mkono juu yake kwa muda mrefu, kifaranga isitoroke.

Juzi Mwende amekuja kuaga. Kochi haendi, daktari amemkataza safari. Mtoto akatoa simu, na ile sauti yake ndogo: "Susu, niwekee Kochi hapa. Nitasikiliza asubuhi nikikula. Hasa ya siku ya tatu."

Basi tukakaa. Kochi anaonyesha, nasema. Keti, keti. Maji kabla ya kiu. Usiangalie nyuma. Alinirudisha mara tatu kwa hiyo ya maji. Halafu tukamaliza, nikadhani tumemaliza, na Kochi akagonga meza. Akanionyesha mimi. Akagusa koo yangu, si yake. Mwende akasema, "Anataka useme wewe. Na sauti yako."

Yangu? Mimi niko na ya chifu, ya pasta, ya mjomba wa Ndithini. Yangu hakuna mtu alishawahi kuomba. Nikaweka birika chini, simu inaniangalia na hiyo taa nyekundu.

"Mwende," nikasema. "Ni Susu. Siku ya tatu watu watakupigia kelele, na wengine watakuwa wanakupenda. Usiwasikize. Ni watu kama mimi. Ile siku Kochi aliacha miguu hapa, mama mkwe wake hakuwa barabarani. Alikuwa Wamunyu. Ilikuwa mimi, nyuma ya punda. Nilitaka tu watu wacheke."

Nzi ilitembea kwa mkono ya Kochi mpaka kwa kidole na ikaruka. Mwende ameshika simu hivi, hajui azime au asizime. Bata mzinga huko nje anapiga kelele, hakuna mtu anamsikia.

Halafu mabega. Kidogo kidogo, halafu yote. Kikombe ikachukuliwa, kwo kwo kwo kwo, meza inaruka, chai inamwagika, machozi yanamteremka mpaka kwa skafu. Yote iko kwa simu, Mwende hakuzima. Alipotulia akajipangusa na kiganja, akavuta kiti karibu na mimi, akaweka vidole viwili juu ya kichwa yake, hivi, kama pembe. Akaninyooshea mkono.

Anataka mbuzi yake.